Namba Tatu: Dosie za Shule Tangu 1906 Mupaka Leo



Kila mumoja akamate buletini yake ya mwaka uliopita, aangalie juu kabisa, mbele ya majina ya masomo na ya mapoints. Atakuta vikasha vidogo vidogo vyenye kuandikwa N° ID. na N° PERM. Wengi tunavipita tu, juu macho inakimbilia chini ku pursantaje. Na mara nyingi vile vikasha viko wazi, hakuna mutu aliyeandika kitu. Lakini ni mule njo Serikali inakujua. Serikali haijue sura yako, haijue kama unaimba vizuri mu korale ao kama unashinda wote mu algebre. Inajua namba.

Mwalimu naye iko na namba yake, inaitwa matrikule. Shule pia iko na yake. Hizi namba tatu zinakutana mahali pamoja tu, mu dosie. Kama moja inakosekana, mwalimu anaweza kufundisha kutoka mwezi wa tisa mupaka mwezi wa sita bila kupata franga hata moja ya Serikali. Na mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yake yote, halafu siku moja mbele ya patro ao mbele ya universite akakosa kitu cha kuonyesha.

Tunataka kueleza hizi dosie zilitoka wapi, nani anazishika, na juu ya nini karatasi za shule za Waprotestanti haziko sawa na za wengine.

SECOPE NI NINI?

Hapa Lubumbashi hata mutoto mudogo alisikia neno SECOPE. Wengine wanafikiri ni banki. Haikuwa banki. Jina lake lote ni Service de Contrôle et de la Paie des Enseignants, ni kusema biro ya kuangalia walimu na kutengeneza malipo yao. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 1980, wakati inchi yetu iliitwa Zaire. Serikali ilikuwa na madeni mengi, na Banki ya Dunia pamoja na F.M.I. ziliomba ipunguze makuta inayotoka. Basi swali la kwanza lilikuwa hili: walimu wa inchi hii ni wangapi? Hakuna aliyeweza kujibu. Mu listi za malipo mulikuwa majina ya watu waliokufa, ya watu waliohama, na ya wengine ambao mama yao hakuwazaa hata siku moja. Kila mwezi ile majina ilikuwa inapata mushahara. Nani alikuwa anakula, munaweza kufikiri wenyewe.

Kazi ya SECOPE ilikuwa kuhesabu walimu, kupatia kila mumoja matrikule, kupatia kila shule namba, na kutengeneza listi ya malipo. Kusikia ni kwepesi, lakini angalia njia ya karatasi moja. Prefe wa shule anaandika majina ya walimu wake ku fishi. Kwa sisi Waprotestanti ile fishi inapita kwanza ku Koordinasio ya shule zetu, ile inayoitwa biro jestionere. Kutoka pale inaenda ku antene, ni kusema biro ndogo ya SECOPE mu muji ao mu teritware. Antene inatuma ku biro ya provinsi, na provinsi inatuma Kinshasa. Kule Kinshasa ministere ya Bije na watu wa malipo nao wanatia mukono wao. Nyuma ya yote, listi inarudia ile njia ile ile mupaka ku shule. Tangu Lubumbashi mupaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 kwa ndege. Mahali pamoja karatasi ikipotea, ao herufi moja ya jina ikageuka, mwalimu anangoja.

Njo maana kuko walimu wenye kuitwa N.U., nouvelles unités, ni kusema watu wapya. Hawako wapya hata! Wengine wamefundisha miaka mingi, mvi imeingia ku kichwa. Lakini jina lao halijaingia mu listi ya malipo. Kuko na shule nzima za namna hii pia. Shule iko na arete, Serikali ilikubali kwa karatasi ya kuwa inaweza kufundisha, lakini kwa malipo haijulikani. Hapa tufahamu vizuri, juu watu wanachanganya hizi mambo mbili. Kukubaliwa ni jambo moja, kulipwa ni jambo lingine. Arete inatoka ku Ministere, namba ya malipo inatoka ku biro ya malipo. Wakati mingine miaka mingi inapita katikati ya ile ya kwanza na ile ya pili.

Nani alikuwa analisha wale walimu? Ni wazazi wetu. Mwanzo wa miaka ya 1990 mushahara wa Serikali ulikuwa umekufa kabisa. Makuta ilipoteza bei kila siku, walimu walifanya greve ndefu. Njo wazazi na viongozi wa makanisa walisikilizana ya kuwa wazazi watatoa prime juu shule zisifungwe. Ilikuwa mu mwaka wa shule 1992-1993. Watu walifikiri itakuwa ya muda kidogo. Ilikaa zaidi ya miaka makumi mbili. Na si mwalimu peke yake aliyekula pale. Sehemu ya makuta ya wazazi ilipanda ku mabiro ya juu, juu mabiro nayo yalikosa makuta ya Serikali ya kununua karatasi na kusafirisha listi. Kumbe mama anayeuza ndagala ku Kenya ao ku Mzee Kabila njo alikuwa analipa wino ya biro.

Tangu 2011 malipo yalianza kupita mu mabanki. Mbele ya pale makuta ilikuwa inatembea mu masaki, kutoka mukono ku mukono, na kila mukono ulibakiza kitu. Banki ilileta hali nzuri mu miji. Mu mapori haiko vile. Mahali hakuna banki, Serikali iliomba Caritas ya Kanisa Katolika ipeleke mishahara. Wengine walienda kwa piki-piki, wengine kwa pirogi.

Halafu ikafika mwezi wa tisa 2019. Serikali ilisema shule za primere za Leta ni bure, vile Konstitusio ya 2006 iliandika. Wazazi walifurahi sana, na walikuwa na haki ya kufurahi. Batoto wengi waliingia mu makalasi mupaka wengine walikaa chini. Lakini mwalimu N.U. wa primere, yeye aliyeishi kwa prime ya wazazi, asubuhi moja alijikuta bila wazazi na bila Serikali. Ilibidi majina yaingizwe mu listi mbio mbio, kwa maelfu, na tena na tena. Mu sekondari wazazi waliendelea kulipa.

Wakati kazi inafanywa mbio mbio, wezi wanapata mulango. Mu 2020 wakaguzi wa Inspection Générale des Finances waliingia mu karatasi za SECOPE. Walikuta shule za uwongo na walimu wa uwongo. Wakubwa wamoja walipelekwa mbele ya tribinali. Nyuma ya pale SECOPE yenyewe iliondolewa, na mahali pake pakawekwa direksio ya Ministere yenye kuitwa DINACOPE. Jina liligeuka, lakini mu midomo ya watu bado unasikia SECOPE, SECOPE. Angalia pia jambo hili la ajabu: biro iliyoanzishwa juu ya kuondoa majina ya uwongo, miaka 35 nyuma inakutwa na majina ya uwongo. Mashini haikukosea. Ordinatere inaandika kile mutu anaiambia, basi.

WAPROTESTANTI BILA KARATASI

Sasa turudie mbali kidogo. Wazee wengine wanauliza juu ya nini shule ya Wakatolika ya upande wa pili iko na karatasi za tangu zamani za zamani, na ya kwetu inaanza kuonekana mu dosie za Serikali kisha 1946. Sababu iko, na haiko uvivu wa babu zetu.

Waprotestanti walifika huku Katanga mbele. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa mwami Msiri mu 1886, mbele ya bendera ya Mbeleji kusimama huku. Burton na Salter walianza Mwanza, kule Buluba, mu 1915. Wamethodisti walikuja nao mu miaka ya 1910. Mahali misioni ilisimama, shule ilisimama, juu Mprotestanti bila kusoma Biblia atakuwa Mprotestanti wa namna gani?

Lakini tarehe 26 Mei 1906 Leopold wa Pili alifanya mapatano na Papa wa Roma, watu wanayaita konkorda. Misioni ya Katolika ingepata udongo wa hektari 100 ao 200, na yenyewe ingefungua shule chini ya macho ya Serikali. Katikati ya miaka ya 1920 Serikali ya Ubeleji ikaongeza: itatoa makuta kwa shule za misioni zenye kuitwa « nasionale ». Nasionale maana yake nini? Misioni ya Wabeleji. Sasa misionere wetu karibu wote walikuwa Wamarekani, Waingereza, Waswedi. Basi shule zao hazikuhesabiwa. Zilifundisha, zilitoa walimu na wapasta na wauguzi, lakini makuta hakuna, na sertifika yao haikuwa na nguvu mbele ya biro ya Serikali. Hapa Elisabethville Wasalesiani walifungua shule pamoja na Serikali tangu 1912. Mutoto aliyetoka mule alipata kazi ya klerki. Mutoto aliyetoka kwetu alijua kusoma sawasawa na yule, na alirudishwa ku mulango.

Ilibidi kungoja 1946. Ministre Robert Godding alikubali ya kuwa misioni za Waprotestanti nazo zipate makuta ya shule, na mu 1948 programu mupya ilianza kazi. Ni miaka 40 na zaidi tangu konkorda. Kwa mutu anayetafuta historia ya ile miaka, karatasi haziko mu biro ya Serikali. Ziko mu raporo ambazo misionere waliandikia makanisa yao Marekani na Uingereza, mu barua, na mu rejistre za ubatizo za parokia. Kama babu yako alisoma ku misioni mu 1935, usimutafute mu dosie za Leta. Mutafute mu rejistre ya kanisa.

Na hata dosie za Leta za wakati wa ukoloni, nyingi haziko huku. Mbele ya tarehe 30 Juni 1960 Wabeleji walipakia makasha mengi ya karatasi kutoka Léopoldville wakayapeleka Brussels. Yalikaa kule ku Ministere yao ya Mambo ya Inje, halafu yakaanza kuhamishwa ku Archives de l'État. Mutu wa Lubumbashi anayetaka kusoma namna shule za baba yake zilikaguliwa, anapashwa kulomba viza. Kwa maoni yetu hii haiko haki, hata kama kule makaratasi yanalindwa vizuri na mvua haiyafikie.

MAJINA YANAPOGEUKA

Nyuma ya uhuru karatasi hazikupotea tu, zilibadilisha majina. Wakati wa sesesio, kutoka 1960 mupaka 1963, Katanga ilikuwa na ministere yake ya masomo. Ministre alikuwa Joseph Kiwele, yule mutunzi wa miziki, aliyekufa mu 1961 na ambaye jina lake liko ku Lycée Kiwele. Diplome na barua za ile miaka ziko na kashe ya serikali ambayo haiko tena.

Mu 1967 ikaja Egzame ya Leta. Mbele ya pale kila shule ilikuwa inatoa diplome yake, halafu komisio ya Serikali inaipitisha. Tangu 1967 maswali ni mamoja kwa inchi nzima, na diplome inatoka Kinshasa. Mu 1970 misioni zetu za Waprotestanti ziliingia pamoja mu Kanisa la Kristo, na kila misioni ikawa komuniote. Mu 1971 inchi ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba. Mu 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, kila mutu akamate jina la mababu.

Mwisho wa mwaka 1974, tarehe 30 Desemba, Mobutu alisema shule zote ni za Serikali. Somo la dini lilitoshwa, mahali pake mafundisho ya M.P.R. Majina ya watakatifu yalitoka ku milango ya shule. Kwa Wasalesiani hapa Collège Saint François de Sales ikawa Imara, na jina lile limebakia mu kinywa cha watu mupaka leo. Serikali iliona upesi ya kuwa haina watu wala makuta ya kuongoza hizi shule zote. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya konvansio na Wakatolika, Waprotestanti na Wakimbangisti. Waislamu na wengine walikuja nyuma. Ile konvansio njo mama wa shule yetu vile munaiona leo. Serikali inashika programu, enspeksio, na mushahara. Kanisa linaongoza shule, linachagua prefe na walimu, linafundisha dini. Tangu pale tunaitwa konvansione: shule ni ya Leta, mukono ni wa kanisa. Sheria kubwa ya 1986, na ile ya tarehe 11 Februari 2014 iliyokuja mahali pake, zilifwata njia ile.

Lakini angalia kile inafanya kwa mutu. Tukamate mufano wa mwalimu mumoja, ni mufano tu, hatusemi mutu fulani. Alizaliwa Elisabethville mu 1950. Mu rejistre ya misioni anaitwa Samuel. Mu 1969 anapata diplome ya Leta, bado Samuel, lakini muji sasa unaitwa Lubumbashi. Mwezi wa tisa 1972 anaanza kufundisha. Samuel amekatwa, mahali pake postnom, na barua yake ya kazi inasema Shaba, Zaire. Mu 1975 shule yake inapoteza jina la misioni. Katikati ya miaka ya 1980 SECOPE inamupatia matrikule, na mutu wa mashini anaandika postnom na herufi moja ya kosa. Mu 1997 inchi inarudia kuwa Congo, Shaba inarudia kuwa Katanga, na yeye anarudilia Samuel. Mu 2015 Katanga inakatwa mara ine, yeye sasa ni mutu wa Haut-Katanga. Na ministere ya masomo nayo iko na kupima kwake, provinsi za masomo, juu Haut-Katanga peke yake imegawanyika. Siku ya kuomba pansio analeta karatasi tano. Biro inaona watu watano.

Anafanya nini? Anapashwa kuonyesha kamba inayofunga zile karatasi tano pamoja. Ile kamba ni rejistre ya shule, ile kubwa, mwanafunzi akiingia anaandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na la mama. Ni palmare ya kila mwaka, yenye mukono wa prefe na kashe. Ni barua ya kwanza ya kumutuma kufundisha, komisio ya afektasio. Mu nyumba nyingi hizi barua zinafungwa mu plastiki na kuwekwa chini ya matandiko, na wenye nyumba wako na akili. Mu mashule mengi ziko mu kabati isiyofunga, karibu na dirisha, na mchwa haijue tofauti ya palmare na gazeti.

KAMA UNATAFUTA KARATASI YA ZAMANI

Wanafunzi wengi wametuuliza hili, juu wako na kaka ao dada anayetafuta, basi tujibu.

Kwanza usiende Kinshasa, usianze hata ku Divizio ya provinsi. Anza ku shule. Buletini, palmare na rejistre ni za shule, Kinshasa haina buletini yako ya kalasi ya ine. Ku sekretaria sema mwaka wa shule (1983-1984, usiseme tu 1984), kalasi na opsio, na jina vile liliandikwa ile wakati, si vile unajiita leo. Kama ni kati ya 1972 na mwanzo wa miaka ya 1990, tafuta kwa postnom. Sema pia jina la shule la ile wakati.

Kama shule ilikufa ao iligawanyika, nenda ku Koordinasio ya Waprotestanti, na uulize ni komuniote gani ilirizi ile misioni. Konseye rezida wa pale wanajua mambo ambayo haijaandikwa mahali popote. Hiyo ni zawadi na ni hatari pia, juu wazee wanakufa.

Kwa Egzame ya Leta, shika vizuri mwaka wa sesio, kodi ya shule na namba ya kandida. Matokeo ya leo yanafika mu telefone kwa mesaje, watu wanapiga vigelegele, halafu wanafuta mesaje. Diplome yenyewe inaweza kukawia miaka. Andika ile kodi mu Biblia yako, ku ukurasa wa mwisho.

Na kwa vile vikasha vya N° PERM.: hii namba inatoka ku SERNIE, biro ya Serikali ya kutambulisha wanafunzi. Kama kikasha chako kiko wazi, usijaze mwenyewe na namba ya rafiki (kuko waliofanya vile!). Uliza sekretere kama fishi yako ilitumwa. Akisema ilitumwa, omba kwa heshima akuonyeshe tarehe mu rejistre ya barua zinazotoka. Kila shule iko na ile rejistre. Sekretere wetu anafungua mulango saa ya pumuziko, si mbele.